Malkia wa Ghala la Mtoni

Jumapili, 8 Machi 1953

Masika yameingia. Alfajiri mvua ilipiga bati, ikakatika kabla chai haijachemka. Nilikurupuka kwenda kutega ndoo kwenye mchirizi kama alivyokuwa akifanya Hamisa, kisha nikasimama uani nayo mkononi. Maji ya kazi gani? Mtu mmoja mie, mtungi haujai wala hauishi. Nimeitega hivyo hivyo, imejaa, imemwagika.

Tangu tumzike mke wangu huyo, vuli iliyopita, sijaandika kitu zaidi ya vipimo vya suruali za watu. Leo naandika kwa sababu Mwalimu Haiderali amenitumia salamu. Ananitaka ghalani Mtoni keshokutwa.

Jumanne, 10 Machi

Nimetoka Temeke kwa miguu, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Ghala ni lile lile: kuta za bati, sakafu ya saruji, na harufu ya mbata, ile nazi kavu, isiyotoka hata kama hamna gunia. Jukwaa letu la mbao bado liko upande wa mashariki. Mwalimu alikuwa kitini, kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu kichwani, kinanda cha mkono mapajani. Amekonda tangu siku ile alipokuja matangani, akakataa kiti, akakaa nasi mkekani, Mhindi wa Kibohora peke yake katikati ya Wazaramo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kondo. Umeleta sauti?"

"Sijui kama bado ninayo."

"Sikukuuliza unajua nini."

Akanieleza. Ghala ni mali ya Taiyeb, mtoto wa marehemu ndugu yake, na Taiyeb analitaka. Ramadhani ikiingia, mbata inaingia mpaka darini, na jukwaa litavunjwa liwe kuni. Mwalimu ameomba siku moja tu, siku ya vunja jungu, ile ya karamu ya mwisho kabla ya mfungo, baada ya sala ya alasiri. Tucheze mchezo wetu, Malkia Mlangoni, mwanzo mpaka mwisho.

"Na baada ya hapo tutachezea wapi?"

"Baada ya hapo basi."

Nimekubali. Sikumwambia sababu yangu, nitaiweka hapa. Waliofiwa wa mtaani kwetu wananiambia wao huwasikia watu wao. Mmoja husikia mumewe akikohoa barazani, mwingine huitwa jina lake akiwa kisimani. Mie Hamisa namwona ndotoni anasuka ukili, anasema nami, midomo inakwenda, sauti hakuna. Nikiamka najitahidi kuikumbuka, nashindwa. Na sauti ya yule malkia niliyemcheza miaka yote ilikuwa sauti yake. Nikiipata ile, nimemsikia mara moja tena. Sina ninalotaka zaidi ya hilo.

Jumatano, 11 Machi

Mvua kutwa. Nimeshona kaptula za shule.

Jumapili, 15 Machi

Mvua haikumruhusu mtu kutoka. Nimekaa karibu na cherehani nikakumbuka nilivyoingia katika mambo haya.

Nilikuwa kijana wa kupakua magunia pale ghalani, nimetoka shule darasa la nne, sijui mchezo wowote zaidi ya ngoma. Mchana mmoja wenzangu wamekwenda kula, nikasikia mtu ndani anasema kwa lugha nisiyoijua. Nikachungulia. Ni Haiderali, mtoto wa tajiri, kajitupia shuka begani, anayahutubia magunia ya mbata kana kwamba ni raia wake. Sikuelewa hata neno moja, lakini miguu ilikataa kuondoka. Niliporudi kwa wenzangu chakula changu walikuwa wamekwisha kukila.

Baadaye alinisimulia. Zamani za ujana wake, kampuni ya wachezaji kutoka Bombay iliteremka bandarini ikacheza mjini hadithi za kale za wafalme. Aliwafuata Unguja, akawafuata Mombasa, anawabebea masanduku ya nguo, mpaka baba yake alipotuma mtu akamrudisha. Ndani ya kampuni ile alikuwamo mzee mmoja aliyekuwa akicheza malkia, maana kwao wanaume ndio huwa malkia. Mzee yule alimpa Haiderali kila alichokuwa nacho. Akarudi Dar es Salaam na michezo mizima kichwani, na watu wa kwao wakamwambia akauze duka.

Akanipa mie. Kwanza alinifundisha kusimama. Kusimama tu, majuma na majuma. Halafu kusema ndani ya mtungi mtupu, nisikie sauti yangu ikinirudia mpaka niikinai na kutafuta nyingine. Halafu kusema kutoka jukwaani, yeye kakaa juu ya gunia la nyuma kabisa. Nikipiga kelele ananirudisha mwanzo. Alitaka neno limfikie likiwa limetulia, kama mtu anayekuja kwa miguu. Mkono usitangulie mdomo. Chozi ni mali ya watazamaji, mchezaji asilitumie kabla yao.

"Malkia huwezi kumwigiza," alisema, "hujapata kumwona. Muazime kwa mtu unayemjua."

Nikamuazima kwa Hamisa. Yeye alipokasirika sauti yake haikupanda, ilishuka. Wauza samaki wote wa Temeke waliijua ile sauti ya chini, wakipunguza bei kabla hajamaliza.

Jumatatu, 16 Machi

Jua kidogo. Nimeanika godoro.

Ijumaa, 20 Machi

Zoezi la kwanza. Revelian amekuja kwa baiskeli kutoka Kinondoni, suruali ameikunja mpaka magotini. Yeye ni Mhaya, karani wa reli, Mkristo aliyesoma kwa mapadri, na ndiye Jemadari wetu. Mchezo una wachezaji wawili tu. Mji umezingirwa na maadui, mtoto wa malkia amekufa vitani, na Jemadari anamletea habari kwa siri. Malkia anajua raia wakisikia watakata tamaa na kufungua mlango wa mji. Basi kila asubuhi anasimama mlangoni na kuwaambia, "Nimelala vizuri. Mwanangu anawasalimu." Raia ndio watazamaji wenyewe. Wao wanamjibu salamu yake, na wao ndio wanaoona, asubuhi baada ya asubuhi, kwamba anasema uongo, mpaka mwisho anapofungua mlango kwa mkono wake na kuwaambia kweli.

Kuutia mchezo huu Kiswahili tulichukua miaka. Mwalimu ananipa maana, mie natafuta maneno, napeleka nyumbani, naye Hamisa huko jikoni anayakataa. "Mwanamke aliyefiwa hasemi hivyo. Atasema kalala vizuri." Hilo neno ni lake. Alipolala yeye kitandani siku zile za mwisho, kila nikimuuliza kaamkaje, alinijibu kalala vizuri.

Leo nimelisema jukwaani, likatoka kama mtu anayesoma mbao za dukani. Revelian akatazama chini. Mwalimu hakuacha kupiga kinanda.

"Itakuja," akaniambia. "Sauti ile haijapata kuja bila watu. Umesahau? Kila mara kwenye zoezi ulikuwa gogo. Watu wakikaa, inakuja."

Ni kweli. Nilikuwa nimesahau.

Jumapili, 29 Machi

Mwanakombo, dada mkubwa wa Hamisa, amepita na mihogo. Tangu msiba kila akija ananisema, na leo kanikuta natengeneza gauni la malkia.

"Shemeji, kaburi la mdogo wangu halijaota hata nyasi, wewe unatia darizi?"

"Ni la mchezo, shemeji."

"Najua ni la mchezo. Mwanamume mzima una ndevu! Wangekuwa wale wa vichekesho vya ukumbini ningeelewa, wanapigana makofi watu wanacheka, wanakwenda zao. Wewe unawavalia watu gauni ili walie. Kwani hawana vya kuwaliza majumbani kwao?"

Sijawahi kuweza kumweleza mtu ninavyopenda michezo ile ya kale. Labda ni kwa sababu ndani yake hakuna anayeharakisha. Mtu anapata msiba, na mji wote unasimama kumsikiliza mpaka amalize. Maishani sijaona hivyo. Sie tulizika saa saba, saa kumi wapo waliokuwa wakizungumza habari za bei ya mchele.

Mwanakombo ni mwanamke mgumu. Mihogo ilikuwa mizuri.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua. Choo cha jirani kimeanguka.

Jumapili, 12 Aprili

Taiyeb alikuja ghalani na gari lake, akasimama mlangoni hakuingia, viatu vyake vinang'aa.

"Kondo, malkia wako hajambo?"

"Hajambo, Bwana Taiyeb."

"Mwambie mbata yangu imelala Mbagala chini ya turubai inaota ukungu kwa ajili yake."

Mwalimu akamjibu kwa lugha yao, kwa upole. Taiyeb akaondoka. Mtu kazaliwa kwenye ghala hili na haoni humo kitu zaidi ya nafasi ya magunia.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua. Sikushona.

Jumapili, 19 Aprili

Mwanakombo amerudi. Safari hii hakuleta kitu, alikaa mlangoni akavua ushungi akaukamua maji.

"Kondo," akaniita kwa jina, jambo asilolifanya. "Watu wanasema yule malkia ukimcheza unasema kama Hamisa."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Mie sikupata kuja. Nilikuwa naona haya." Akaupinda ushungi, akaukunjua. "Najaribu kumsikia usiku, simpati. Namsikia mama, alikufa zamani, na yeye simpati. Mtoto niliyemlea mgongoni! Sasa hiyo siku utakapomleta, niwekee nafasi ya mbele."

Nikamwambia nitamwekea. Ameondoka bila kunisema lolote, na nimekaa nikijiona mjinga, maana miezi yote hii nilidhani ni ukali, kumbe anatafuta kitu kile kile ninachotafuta mie.

Jumapili, 26 Aprili

Zoezi. Bado gogo. Mwalimu anakohoa. Revelian amenileta na baiskeli nusu ya njia, nusu tumeibeba baiskeli.

Alhamisi, 30 Aprili

Nimesikia kwa makuli kwamba lori la kwanza la mbata lilifika juma lililopita, na Taiyeb mwenyewe alilirudisha. Alimwambia dereva ghala lina wenyewe mpaka mfungo. Nimefuta moyoni niliyoyaandika juu yake.

Jumapili, 3 Mei

Zoezi la mwisho. Gauni nimeliacha jukwaani. Mwalimu anakohoa vibaya na wa nyumbani kwake wamemkataza kutoka tena mpaka siku yenyewe. Tulipoagana Revelian alituuliza, "Sasa nyie Waislamu, nipeni tarehe, niombe ruhusa kazini."

"Siku ya vunja jungu," akasema Mwalimu.

"Hiyo si tarehe, Mzee."

"Kondo atakwambia."

Tukacheka, tukaagana. Njiani nimelifikiri jambo hili. Mabohora wana hesabu yao, hawangojei mwezi uonekane, na mwaka huu mfungo wao unaanza Alhamisi tarehe kumi na nne. Sie tutatazama mwezi jioni ya siku hiyo hiyo. Kwa hiyo vunja jungu yao ni Jumatano, yetu ni Alhamisi. Tukicheza Alhamisi, mzee wa umri ule mwenye kikohozi atakuja kavu, hana hata funda la maji, akae ghalani mpaka magharibi. Haiwezekani. Vunja jungu ya mchezo huu ni yake. Nimemwambia Revelian Jumatano, na kesho nitaanza kuwatangazia watu.

Jumatano, 6 Mei

Nimetangaza msikitini, sokoni na kwenye mabanda ya makuli. Salumu muuza pweza amenitania, "Malkia, nije na mahari?" Wengi wamesema watakuja. Mwanakombo amepiga pasi nguo zake mapema.

Jumapili, 10 Mei

Mvua mfululizo. Nimesema maneno yote peke yangu mbele ya ndoo. Hakuna kitu. Watu wakikaa itakuja.

Jumatano, 13 Mei

Walikuja wengi. Nianze na hilo, kwa kuwa ni kweli. Walikuja chini ya mvua, wanawake wamejifunika majani ya migomba, wanaume mabegani wamebeba watoto, wakajipanga chini ya ukingo wa bati la ghala. Mwanakombo alikuwa wa kwanza mlangoni na kigoda chake.

Mlango una kufuli, na ufunguo anao Mwalimu.

Tulisali alasiri pale pale barazani kwa zamu. Mwalimu hakutokea. Revelian akasema huenda basi limekwama, tungoje. Tukangoja. Watu walikuwa na furaha kwanza.

"Kondo! Malkia kalala na ufunguo?"

"Mwacheni, anapaka wanja."

"Mie nimefunga genge langu, jamani, huo wanja wake upakwe upesi!"

Revelian akapanda baiskeli akaenda mjini kumtazama. Sie tukabaki. Mvua ikazidi, maji yakaanza kupita miguuni. Salumu akaja karibu, bila utani sasa.

"Cheza hapa hapa, bwana. Sie tutasimama. Mlango si huo? Mchezo wenyewe si wa mlangoni?"

Wengine wakaitikia. Wakasogea, wakanizunguka, wakanyamaza. Niliwaona wote, nyuso zimelowa, wananitazama kama vile raia wanavyomtazama malkia wao asubuhi, na nitaandika ukweli: koo lilifunguka. Niliihisi kifuani, ile sauti ya chini, imesimama tayari.

Lakini tangu siku ya kwanza sijapata kuingia mchezoni bila Mwalimu kuniwekea mkono kichwani na kusema bismillahi. Yeye naye alifanyiwa hivyo na mzee wake, na mzee wake na wa kwake, huko nyuma mpaka wasikojulikana. Mwanafunzi hafungui mchezo mwalimu yu hai na hayupo. Ni kama kumzika. Nikawaambia, "Mwalimu hajafika. Atakuja, tungojeni kidogo."

"Shemeji," Mwanakombo akaniambia. Alikuwa ameinuka kigodani. "Usicheze. Sema tu lile la asubuhi. Nimelala vizuri. Maneno mawili, basi, nikalale."

"Mwalimu hajafika, shemeji."

"Maneno mawili, Kondo."

"Atakuja sasa hivi."

Alinitazama, akakiokota kigoda chake, akakigeuza kumwaga maji, akaondoka. Baada yake wakaondoka wengine, kidogo kidogo, halafu kwa makundi. Mmoja akasema kwa sauti nisikie, "Ametulowesha mvua bure, hana hata haya." Revelian aliporudi amelowa mpaka mifupa alinikuta mwenyewe.

"Nyumba imefungwa," akasema. "Jirani yao anasema wamekwenda wote kwa jamaa zao kula karamu, na Mzee yumo, mzima."

Mzima, na amekwenda karamuni. Sikuelewa.

Alhamisi, 14 Mei

Sasa naelewa.

Nilitoka mapema mchana kwenda mjini kumuuliza. Nikazungukia Mtoni kwanza, nikaona mlango wa ghala wazi. Ndani ubani unafuka, mikeka imetandikwa mpaka nyuma, gauni la malkia limelazwa jukwaani limenyooshwa. Mwalimu kitini, kanzu nyeupe, midomo imekauka.

"Umewahi, Kondo. Vizuri. Watu wako saa ngapi?"

"Mwalimu, watu walikuja jana."

"Jana kwa nini? Jana ilikuwa vunja jungu yangu mimi. Yenu ni leo."

"Nilisema tufuate yako. Leo umefunga."

"Nimefunga," akasema. "Kufunga kumeniziba masikio? Watu ni wenu, mchezo ni wa Kiswahili, niwatoe watu kwenye siku yao kwa ajili ya tumbo langu? Tangu mwezi wa Machi nimejua ni leo. Nilidhani nawe unajua."

Tulitazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, ikageuka kikohozi, na hawezi kunywa maji. Nilimshika mabega mpaka kikatulia.

Nikakimbia Temeke. Nani wa kunisikiliza? Vyungu vyote viko motoni, leo ndiyo vunja jungu yetu, watu wanakula cha mwisho na vijana wamekwisha kwenda pwani kutazama mwezi. Salumu alinipa pande la pweza akaniambia, "Kula, Kondo, usahau." Revelian yuko kazini, ruhusa yake ameimaliza jana.

Mwanakombo alikuwa anapepeta mchele uani. Nilimweleza yote, kosa letu, mwalimu anangoja, ubani unawaka. Hakuacha kupepeta.

"Nakuamini," akasema. "Wala sina hasira na mzee wa watu."

"Basi twende, shemeji. Hata wewe peke yako. Ukiwepo itakuja."

"Na isipokuja?"

Akaurusha mchele juu, akaudaka kwa ungo.

"Jana nilikuwa tayari. Nilioga, nikavaa. Niliporudi ilikuwa kama natoka makaburini mara ya pili. Ya tatu siiwezi, Kondo. Niache na mchele wangu."

Nikarudi ghalani peke yangu. Mwalimu alinisaidia kufunga gauni, akaniwekea mkono kichwani, akasema bismillahi, akaenda kukaa nyuma kabisa, mahali palipokuwa gunia la mwisho. Nikasimama mlangoni pa mji. Nikatazama mikeka mitupu.

"Nimelala vizuri," nikasema. "Mwanangu anawasalimu."

Ilikuwa sauti ya Kondo, fundi cherehani wa Temeke. Nikaendelea. Nilisema maneno yangu yote na ya Jemadari pia, mpaka kufunguliwa kwa mlango, na kila neno lilimfikia yule mzee kule nyuma, najua, maana nilifundishwa. Sauti ya Hamisa haikuja. Nilipomaliza Mwalimu alikuja taratibu mpaka jukwaani.

"Umesimama vizuri," akasema.

Jioni mwezi ulionekana kati ya mawingu. Watu wakapiga kelele za furaha mtaa mzima.

Ijumaa, 15 Mei

Funga ya kwanza. Malori yalianza asubuhi. Taiyeb alinijia mwenyewe nyumbani na gauni limefungwa kwenye karatasi, akaniambia ba'mdogo wake hali si nzuri, haonani na watu. Kisha akaniomba radhi. Sijui radhi ya nini. Nami nilimwomba radhi.

Jumatano, 20 Mei

Nimeshona. Mvua kidogo.

Jumapili, 24 Mei

Mvua zinakatika. Magharibi, adhana imekwisha tu, nimesikia hodi, ni Mwanakombo na bakuli la tambi na uji wa pilipili manga. Alisema amepika mwingi kwa bahati mbaya. Nikamtandikia mkeka, tukafuturu. Nilimpa habari za Mwalimu: jana wa nyumbani kwake walinifungulia, hawezi kuinuka, alinishika mkono lakini nadhani alinidhani mtu mwingine, maana alisema nami kwa lugha yao. Mwanakombo akasema Mungu amsahilishie.

Tukaendelea kula. Halafu akaniuliza, bila kuinua macho kwenye bakuli, "Wewe unamsikia siku hizi?"

"Namsikia," nikamwambia, kama malkia anavyowaambia raia wake. "Alfajiri, hapo uani. Na wewe, shemeji?"

"Namsikia," akasema. "Kila siku."

Akanisogezea tambi zilizobaki, nikazila.